D-4D imetoka, 5L imeingia: kazi ya gereji baada ya miezi saba

Hilux Vigo yangu ya mwaka 2008, chesisi KUN25, yenye injini ya 2KD (ndiyo hiyo D-4D, dizeli ya turbo inayoongozwa na kompyuta), ilinoki injini nikiwa na magunia ya viazi nyuma. Fundi alipofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, akanionyesha: wosha za nozeli zilikuwa zinavujisha, masizi yameingia kwenye oili, chujio la chini limeziba, kranki imekauka. Ndio ugonjwa wa 2KD hizi. Nozeli nne mpya peke yake niliambiwa milioni 3.6, bado injini. Ndipo gereji moja ya Makambako (sitaji jina, kuna mahali nitawasema) ikanishauri niweke 5L, dizeli ya Toyota ya kizamani isiyo na turbo.

Injini ilitoka kwenye Hiace iliyooza bodi. Milioni 2.8 kuinunua, milioni 1.4 kuifanyia ovaholi, laki nane ya ufundi. Kwenye ovaholi nawavulia kofia. Kranki ilipotoka kuchongwa walinipigia simu niende nikaione, na pistoni, ringi na bearing zilifunguliwa kwenye maboksi mbele ya macho yangu. Mpaka leo haili oili. Nachomoa kijiti kila Jumatatu, kiko palepale.

Kuna wanaodhani 5L kwenye Vigo ni ubunifu wa mtaani. Toyota wenyewe waliuza Vigo za hivyo kwa masoko ya huku kwetu, chesisi LAN25, kwa hiyo mauntingi za kushikia injini zilipatikana na hakuna kilichochomelewa kwenye chesisi. Ila zile za kiwandani ni 5L-E, pampu yake ya dizeli inaongozwa na umeme. Yangu ni pampu ya kizamani, inazungushwa na beliti ya taimingi basi, kompyuta haiijui.

Sasa hapo ndipo kazi ilipokuwa. Injini ilikaa kwa siku mbili. Waya zikala siku tisa. Pedali ya mafuta ya D-4D haina kebo, inatuma taarifa kwa kompyuta, ikabidi itafutwe pedali ya Hilux ya zamani na ukuta wa injini utobolewe. Mshale wa RPM umelala mpaka leo. Wa joto nao ulikufa, wakanifungia geji ya pembeni karibu na redio, nami naitazama kuliko ninavyotazama barabara. Taa ya cheki injini waliikata kimyakimya, wangeniambia kwanza. Plagi za hita, zinazopasha injini kabla ya kuwasha, zilikuwa zikisimamiwa na kompyuta, sasa kuna kitufe chini ya usukani, nadhani ni cha kengele ya mlango. Asubuhi za Juni hapa Njombe nabonyeza, nahesabu mpaka kumi na tano, ndipo napiga stata. Mke wangu amekataa kuliendesha.

Nguvu? Turbo hakuna tena. 2KD ina cc 2,494, 5L ina 2,986, lakini usidanganywe na cc. Mlima wa Kitonga nilikuwa napanda kwa gia namba tatu. Sasa nikiwa na mzigo ni namba mbili, nyuma ya semi za Tunduma mpaka juu, AC nimezima. Nilikuwa napata kilomita 11 kwa lita, sasa 9. Anayekwambia 5L inakula kidogo kuliko D-4D, ana 5L ya kuuza.

Mwezi wa tatu, usiku, nimeshapita Mafinga, karibu na Nyororo gari likazima ghafla. Kuna solenoidi kwenye pampu inayofungua mafuta ukiwasha ufunguo; waya wake walikuwa wameusokota kwa vidole na kuufunga selotepu. Ukaachia. Huo ni uzembe, na niliwaambia hivyohivyo. Ila aliyeniokoa ni kijana wa kutengeneza bodaboda, kwa tochi ya simu na shilingi elfu tano. D-4D ingenilaza pale mpaka gari la kuvuta lije.

Makadirio yao yalikuwa milioni 5. Nimemaliza 6.3. Alternator yenye pampu ya vakyumu nyuma yake (bila hiyo breki inakuwa ngumu kama kukanyaga ukuta), klachi, hosi za radieta, ile geji: vyote vilikuja kama habari za msiba, kimoja kimoja, kwa simu. Na risiti ya injini walinizungusha wiki tatu, wakati kadi ya gari ina namba ya injini na trafiki akifunua boneti hana muda wa hadithi yako. Daini risiti yenye namba siku unayolipa.

Kwa gari la mzigo la huku kwetu ningerudia, na kwa gereji hiyohiyo, ila fundi umeme ningekwenda na wangu. Jumamosi narudi kwao, sili ya nyuma ya kranki imeanza kudondosha. Wamesema hawatanitoza ufundi. Sili nimeshanunua mwenyewe, iko kwenye droo ya gari.