Mkoba wa sakiori toka Aomori, jamani ni kazi safi

Nimeuchukua kwenye kiduka cha wafumaji pale Towada, mkoa wa Aomori, kaskazini mwa Japani, na kwa kweli uko imara balaa. Zamani kule pamba ilikuwa haioti sababu ya baridi, nguo ilikuwa mali, kwa hiyo kimono ikichakaa hawatupi, wanaichana vipande vyembamba wanavifuma upya kwenye nyuzi zilizotandwa, ndo sakiori hiyo. Ukiuangalia kwa karibu unaona wekundu wa nguo ya mtu unakatika ghafla bluu inaingia, yaani hupati wa pili unaofanana nao. Bei imechangamka, ila kwa kazi ya mkono ya vile mi nalipa tu. Zipu ndo wangeiongeza urefu, simu kubwa inapita kwa shida.