Kamera ya gama ya CZT: uzoefu wangu baada ya miaka miwili

Mimi si daktari wala muuzaji wa mashine. Ni mtu wa chumba cha kamera: nachoma sindano ya teknesiamu, dawa yenye mionzi, nampanga mgonjwa mbele ya kamera inayonasa miale ya gama ikitoka mwilini mwake, narudi kwenye skrini. Kazi hiyo nimeifanya miaka 9 katika hospitali moja ya Afrika Mashariki, na sasa niko Uingereza, ambako tunapiga picha za moyo kwa kamera yenye vigunduzi vya CZT, yaani kadimiamu, zinki na teluriamu. Wenzangu wa nyumbani hawaishi kuniuliza WhatsApp kama inafaa hivyo wanavyosifia wauzaji. Haya, jibu langu ni hili.

Kamera niliyojifunzia ni ya ukoo wa ile aliyoibuni Hal Anger kule Berkeley, Marekani, miaka ya 1950. Ina kristali pana ya sodiamu ayodaidi, unene wake haufiki sentimita 1. Mwale wa gama ukiipiga, inametameta, na mirija iliyopangwa nyuma yake inaukuza ule mwanga mpaka unakuwa umeme. Mbele kuna kolimeta, bamba la madini ya risasi lenye maelfu ya matundu. Katika miale 10,000 inayolifikia hupita mmoja hivi. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo alikuwa analala dakika 15 hadi 20, mikono juu ya kichwa, asitikisike.

Kuna mama mmoja mwenye bega bovu simsahau. Dakika ya 12 mkono ukaanza kutetemeka, jasho linamtoka, ananong'ona, "Mwanangu, bado?" Nikamjibu, "Bado kidogo, mama, vumilia." Picha ikatoka imeyumba. Tukarudia yote.

Halafu kristali yenyewe. Ni chumvi ile, inanyonya unyevu, na joto likibadilika ghafla inapasuka. Usiku mmoja umeme ulikatika, jenereta haikuwaka, chumba kikachemka. Umeme uliporudi kiyoyozi kikaanza kupuliza baridi kwa nguvu zote. Asubuhi nikaweka bamba la kobalti-57, linalotoa mionzi sawasawa kote, kwa kipimo cha kila siku. Badala ya picha iliyo sawa kote, nikaona mstari mweusi umekatiza kona, kama ufa wa sahani ya udongo. Ufa wa namna hiyo hauzibwi, inanunuliwa kristali nyingine. Tulirudisha wagonjwa kwa miezi.

Kwenye CZT hakuna kumetameta: mwale unageuka umeme palepale. Miale ya teknesiamu ina nishati ya keV 140 (keV ni kipimo cha nishati ya miale), na kamera ya zamani inaisoma kwa ukungu wa asilimia 10 hivi. Hii ni 5 au 6. Kwa hiyo miale iliyogonga nyama ikapotea njia tunaichuja vizuri zaidi. Mgonjwa wangu wa leo anakaa kwenye kiti kilichoegama, mikono imepumzika, na dakika 5 baadaye ananiuliza tunaanza lini. Dozi ya teknesiamu nayo tumeipunguza.

Ila muuzaji akikwambia kasi yote hiyo ni ya kristali, mwambie apunguze chumvi. Sehemu kubwa inatokana na mpangilio: vigunduzi vidogo vidogo vimezunguka kifua na vyote vinautazama moyo.

Malalamiko ninayo. Kamera hii ni ya moyo tu. Mifupa na tezi la shingo vinaenda chumba cha pili, kwa kamera ya zamani. Ayodini-131, dawa nyingine yenye mionzi, ya keV 364, kamera hii haiiwezi. Ukitaka kupima teknesiamu na ayodini-123 kwa pamoja, mtego mwingine: CZT ina kawaida ya kuacha "mkia", baadhi ya miale inasomwa chini ya nishati yake halisi, na hesabu za ayodini zinamwagikia kwa jirani yake, teknesiamu. Mtu mnene sana, moyo unaponyoka nje ya eneo la picha, nahangaika kumpanga kuliko muda wa picha yenyewe. Na vivuli vya kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) na matiti bado vipo. Yetu haina CT, mashine ya eksirei ya kuvisahihisha.

Kwenye matengenezo nimeridhika. Siku moja kilitokea kidoa cheusi cha mraba kwenye picha ya kipimo cha asubuhi. Fundi akaja, akachomoa kipande kimoja cha kigunduzi, akachomeka kingine, na baada ya chakula cha mchana tukaendelea na wagonjwa. Nilikumbuka ile miezi, nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo, nyinyi wa nyumbani: kama idara ina nafasi ya kamera moja tu, chukueni ya vichwa viwili, yaani vigunduzi viwili, yenye kristali ya kawaida, na bajeti ya jenereta inayowaka yenyewe iingie kwenye mkataba huohuo. CZT ya moyo iwe ya pili, wagonjwa wa moyo wakishakuwa foleni. Na kabla ya kusaini, kaeni wenyewe dakika 5 kwenye kile kiti. Chetu kinabana kiunoni.