Mpira wa Mafuta wa R9 kwa Gari la Zamani: Ukate Kwanza, Ndipo Uufunge

Haya jamani, leo mezani kuna kitu kinachoudhi, na bado nitakwambia ukinunue: mpira wa kupitisha petroli wa SAE 30R9 (jina la kiwango chake, kwa ufupi R9), tundu la milimita 8. Ni mgumu, haupindiki kirahisi, na bei ya mita moja ni mara kadhaa ya mpira wa kawaida. Habari za joto na presha unayohimili zimeandikwa kila mahali, nazipita.

Kuna hoja hairudi nyuma: "Gari langu ni la kabureta, pampu inasukuma psi 3 tu, R9 ni ya injekta, ya nini?" Sikilizeni. Presha haihusiki hapa. Unacholipia ni utando wa ndani. Mipira ya zamani ilitengenezwa kwa petroli tupu. Petroli ya E10 ina ethanoli, yaani pombe, hadi asilimia 10, nayo huupenya mpira wa aina hiyo, ukavimba na kulainika. Gari likilala muda mrefu mpira unakauka na kupasuka. Ndani ya R9 kuna utando wa fluoroelastoma, mpira sugu wa kutengenezwa wa jamii ya Viton, na kiasi hicho cha ethanoli hakiutishi.

Sasa kamera isogee, maana hapa ndipo penye kazi. Nakata kwa wembe mpya. Msumeno hapana: unaacha chengachenga, na chenga moja ikinasa kwenye sindano ya kabureta, petroli inafurika. Tazameni uso wa mkato. Ndani kabisa kuna mduara mwembamba, kisha mpira wa kati, nyuzi, halafu ganda la nje. Ukiona vyote ni vyeusi, chukua lenzi, mpaka wa ule mduara utauona.

Huu wa pili nao umeandikwa 30R9, herufi nyeupe safi kabisa. Nakata... mnaona? Mpira mmoja tu kutoka tunduni hadi kwenye nyuzi. Utando haupo! Wino ni rahisi, utando ni ghali, na bandia za namna hii zimejaa sokoni.

Kama macho hayakutoshi, kata kipande cha sentimita 3, pima unene wake kwa kalipa, kitumbukize kwenye chupa ya kioo yenye E10, funga kifuniko, weka mbali na moto na jua. Baada ya wiki mbili pima tena. Hivi vyote vimetoka kwenye chupa za namna hiyo. Halisi: nabonyeza kwa kucha, haiingii, na unene haujabadilika vya kuonekana. Bandia: kidole gumba kinazama, ndani pananata, na petroli yake imekuwa ya kahawia. Uchafu huo ndio ungeelekea kwenye jeti zako, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli.

Mtaniuliza kuhusu mipira iliyofumwa waya wa chuma kwa nje. Inapendeza, lakini siipendi: waya unaficha nyufa hadi siku mafuta yanapodondokea ekzosti. Mpira wa silikoni wa kawaida usiuguse, petroli inaupenya. Na zile dawa za kumimina kwenye tangi husaidia chuma kisile kutu; mpira uliooza haziufufui.

Kufunga: pitisha mpira milimita 25 juu ya bomba, klempu ikae milimita 3 kutoka ncha. Tumia klempu ya bendi laini. Ile yenye matundu inachana ganda. Ukigoma kuingia, tone la petroli linatosha. Kwenye kona kali, nikiukunja hivi... umebonyea, mafuta hayapiti. Hapo weka kiwiko cha chuma. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa bei hii wangeuza vipande vilivyokwisha pindwa.

Anzia upande wa tangi kwenda pampu. Upande huo pampu inavuta, kwa hiyo ufa huweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone, na gari linakata mlimani huku ukilaumu plagi.

Kidogo kuhusu jeti: E10 inafanya mchanganyiko wa petroli na hewa uwe mwepesi, yaani petroli inapungukiwa, kwa karibu asilimia 4. Jeti kuu ya 130 (tundu la milimita 1.30) ukiipandisha hadi 132.5, eneo la tundu linaongezeka asilimia 3.9. Wenye kabureta za SU, shusha jeti kwa kuzungusha nati upande mmoja kati ya sita, kisha angalia rangi ya plagi.

Beba filta ya akiba, kwa sababu ethanoli inabandua uchafu uliolala tangini miaka yote, na filta ya kwanza inaweza kuziba mapema. Video ijayo ni dayaframu ya pampu na sindano yenye ncha ya Viton. Anayetaka nianze na pampu ya petroli ya chapa ya AC au ya SU ya umeme aandike hapo chini, nitafungua itakayopata kura nyingi.