Kulanti ya kuchanganya au iliyo tayari? Nimezijaribu kwenye Noah ya zamani hapa Dodoma

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo niko nyumbani Kizota na hii Noah ya zamani. Nina vidumu viwili vya kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini: hiki unachanganya mwenyewe na maji, hiki kimekuja tayari kimechanganywa. Ila kabla sijafungua, tazameni kwanza hili paipu.

Ni la chuma, linapita nyuma ya injini kupeleka maji kwenye wota pampu. Katikati ni zima kabisa. Sasa sogeeni huku mwishoni, pale mpira unapovalia. Mnaona haya magamba ya kahawia? Nikikwangua kwa ukucha yanabanduka, na chini yake kuna vishimo. Maji yalikuwa yanapenya hapa taratibu. Nimebadilisha mpira mara mbili nikidhani ndio mbovu, kumbe ni paipu!

Na mimi ndiye niliyekuwa najazia maji ya kisima. Wenzangu wa Dodoma, ule ukoko mweupe kwenye birika la chai mnaujua. Huohuo unaganda ndani ya rejeta, na chumvi yake inaharakisha kutu. Tena huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yanachemka karibu nyuzi 96. Mfuniko wa rejeta ukilegea, gari linachemsha mapema.

Glaikoli iliyomo kwenye kulanti inapandisha kiwango cha kuchemka, lakini kinachokinga chuma ni dawa za kuzuia kutu zilizochanganywa humo, na hizo huisha. Rangi inaweza kubaki nzuri kabisa wakati kinga imeshakwisha, kwa hiyo fuateni muda ulioandikwa kwenye kidumu.

Sasa hiki kilicho tayari: safi sana kwa kuongezea. Lakini ukishasuuza mfumo, maji mengi yanabaki ndani ya bloku, ule mwili wa injini. Ukimimina hiki juu yake, kinazimuka. Ndiyo maana kwa gari la zamani linalosafishwa mara ya kwanza, mimi nachagua cha kuchanganya. Kama mfumo unabeba lita 8, mimina kwanza lita 4 za kulanti, kisha jazia maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Someni lebo jamani, asidi nayo inauzwa kwenye chupa za kufanana.

Paipu lenye vishimo kama hili, badilisha. Lenye kutu ya juujuu, piga msasa, paka praima ya zinki, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kwa nje, liache likauke ndipo uvalishe mpira.

Kulanti ya zamani ikinge kwenye ndoo, usiimwage uani. Ina utamu, mtoto au mbwa akiilamba ni sumu kali. Ya kwangu hii hapa, nimeifunika.

Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, nafungua mfuniko wa rejeta kuona kama kulanti imeshuka.