Jeki fupi ya tani 3: miezi minane chini ya Toyota 86

Gari langu ni Toyota 86 ya mwaka 2013. Limekaa chini, sentimita 13 hivi kutoka ardhini, na jeki ya magurudumu niliyoizoea kwenye Noah ilikuwa inagota bampa kabla haijafika popote. Nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta ile fupi. Muuzaji alianzia laki tatu na nusu, tukamalizana kwa 280,000. Boksi linasema ikishushwa kabisa kimo chake ni sentimita 7.5. Nilipoipima nyumbani ikatoka 8.5, kwa hiyo ukienda dukani beba futi yako.

Mbele napandishia kwenye krosmemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini), nyuma kwenye difu (boksi la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma). Hilo limo kwenye kitabu cha gari, usikisie, maana sampo, lile bakuli la oili ya injini, ipo jirani hapohapo na haikutengenezwa kubeba uzito wa gari. Nyuma ni rahisi. Mbele krosmemba iko ndani sana, na hata jeki hii ikiingia, mpini unagonga bampa ukijaribu kupampu. Dawa yake ni mbao mbili za inchi 2: napandisha matairi ya mbele juu yake kwanza, ndipo nasukuma jeki.

Siku ya kwanza nilikosea jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Uani kwangu kuna pevingi. Jeki ya aina hii inapoinua, mkono wake huchora upinde, kwa hiyo lazima itembee kidogo kulifuata gari. Vigurudumu vyake vya chuma vikanasa kwenye upenyo wa tofali, jeki ikakataa kutembea, na kikombe chake cha juu, kile kinachogusa gari, kikaanza kuteleza kwenye krosmemba kwa mlio wa kukwaruza. Fundi wa jirani alikuwa amesimama getini. "Kaka, shusha! Shusha kwanza!" Nikashusha. Sasa natandika kipande cha plaiwudi nene chini ya jeki, na inatiririka bila shida.

Nikiinua nyuma, siitegemei hendibreki. Inakamata magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yako hewani. Kabari zinakaa mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Nati nazilegeza tairi likiwa bado chini.

Swali nililokuwa nalo ni kama jeki inaweza kuaminiwa peke yake, kwa sababu tani 3 kwa gari la kilo 1,240 hivi inaonekana ni nyingi mno. Nikaijaribu makusudi. Niliinua mbele, nikahakikisha hakuna mtu karibu, nikaiacha tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita. Ilikuwa imeshuka vidole viwili. Jeki ilikuwa mpya kabisa, haina hata tone la mafuta nje. Yalikuwa yanapenya taratibu ndani kwa ndani. Kesho yake nikanunua stendi za pini, zile za kushikilia gari likishainuliwa, jozi 120,000. Zinakaa chini ya ule ukingo wa chuma wa ubavuni, katikati ya alama mbili zilizokatwa, na juu yake naweka kipande cha mpira chenye mfereji ili ukingo usipinde. Gari likishakaa juu yake nalisukuma kwa bega kwa nguvu. Likicheza, naanza upya.

Kero iliyobaki ni mbili. Skrubu ya kushushia ni kali: zungusha nusu mzunguko na gari linadondoka kama gunia la mahindi. Mimi naigusa kidogo kidogo tu. Halafu ule mpira wa kwenye kikombe ulipasuka mwezi wa pili. Nimekata mwingine kwenye tairi kuukuu, saizi ya kisigino cha katambuga, na bado upo.

Breki pedi za mbele na nyuma, oili mara mbili, mafuta ya difu mara moja: vyote nimefanya uani. Nati namalizia kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza, Nm 120. Nyota nne, na plaiwudi ujitafutie mwenyewe.