Kabureta ya Kobe imerudi inang'aa, kijibomba cha petroli kinachomoka kwa vidole

Nianze na sifa, maana nikianza na hasira zitanitoka kichwani. Kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ni Solex 34 PICT-3, ile ya Volkswagen Kobe yenye injini ya sisi 1600, na karakana niliyoipelekea inajinadi kwamba haishiki kitu kingine ila kabureta za magari ya zamani. Ilikaa huko wiki kadhaa, kuliko walivyoahidi, lakini hilo nalisamehe. Imerudi imeviringishwa kwenye karatasi kama yai.

Shafti ya throto, kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta, wameiweza. Ishike ncha mbili uitikise, haichezi. Anayeijua Kobe anajua kwamba hapo ndipo kabureta hizi zinapofia: shafti ya chuma inakula tundu lake miaka nenda miaka rudi, hewa inapenya pembeni bila kupimwa, mchanganyiko unakosa petroli, sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, na ukiachia mafuta kwenye mteremko eksozi inapiga kama fataki. Mafundi wengi hapo hukimbilia kubadilisha jeti, vile vitundu vinavyopima petroli. Jeti haina kosa. Dawa ni kupanua tundu kwa rima na kupachika bushi mpya, yaani vipete vya kushikilia shafti, pande zote mbili, zikae kwenye mstari mmoja kabisa, kwa sababu zikipishana kidogo tu throto itakwama ikiwa wazi. Kazi hiyo inataka mashine na mkono uliotulia, na hawa wanavyo vyote. Nyota tano, nilijisemea.

Halafu nikashika mfuniko.

Juu ya mfuniko wa kabureta hii kuna kijibomba cha shaba njano, kifupi kuliko kidole, ndicho kinachovishwa mpira wa petroli unaotoka kwenye pampu. Hakina nyuzi wala hakikuchomelewa. Kimegongwa kikaingia kwenye tundu, basi, kinashikiliwa na kubana tu. Nilikishika kwa vidole viwili, bila koleo, nikakizungusha. Kikazunguka. Nikakivuta, kikatoka, nikabaki nacho mkononi kama jino la mtoto.

Asiyemiliki gari hili atasema nakuza mambo. Haya, tufuate petroli inakokwenda. Pampu ya Kobe haina akili: inasukumwa na fimbo inayopanda kwenye kamu, na injini ikizunguka nayo inasukuma. Kijibomba kikichomoka barabarani injini haizimi hapohapo, kwa kuwa bakuli la kabureta bado lina petroli ya kuinywesha kwa muda. Muda wote huo pampu inamwaga petroli mbichi juu ya injini yenye moto. Jirani yake kuna distribyuta, ile inayogawa umeme wa plagi, inayorusha cheche na dainamo ambayo brashi zake nazo zinarusha cheche. Na wewe dereva uko mbele, injini iko nyuma, utajua kwa kuona moshi kwenye kioo. Baya zaidi, bloku ya injini hii ni aloi ya magnesiamu. Ikishika moto yenyewe, ukiimwagia maji unauchochea. Kobe nyingi zimeishia hivyo, zimebaki sakafu na rimu, na bado mtu anakurudishia mfuniko wenye kijibomba kinachotoka kwa vidole!

Nikapiga simu. Aliyepokea alinisikiliza nusu, akanikata: "Bosi, hicho hata kiwandani walikigonga hivyohivyo. Funga gari uendeshe. Kama unaogopa, nunua la kisasa."

Kinachoniuma ni kwamba sentensi ya kwanza ni ya kweli. Kiwandani kiligongwa hivyohivyo. Lakini kiligongwa kwenye mfuniko mpya, tundu likiwa halijaguswa. Mwili wa kabureta hutanuka kwa joto kuliko shaba, kwa hiyo kila safari tundu linalegea kidogo na kubana tena. Ongeza mtikisiko, ongeza watu waliovuta mpira kwa nguvu kila walipobadilisha filta, na ule mbano wa mwanzo umekwisha. Kabureta ya zamani hupelekwa kwa fundi wa kabureta ili mambo ya namna hii ayaone yeye. Kama ni kuipiga msasa tu ing'ae, hata mimi msasa ninao.

Kurekebisha si kazi kubwa, ndiyo maana nimechukia zaidi. Fungua mfuniko, toa sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, pamoja na washa yake. Usiruke hatua hiyo, chembe moja ya chuma ikibaki kwenye kiti cha sindano kabureta itafurika. Hiyo washa itunze, unene wake ndio unaopanga kimo cha petroli kwenye bakuli. Chomoa kijibomba, kata nyuzi kwenye tundu kwa tepu (kile chuma cha kukatia nyuzi za skrubu), taratibu, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, tepu ikiwa na grisi ili inase vumbi la chuma. Kisha funga nipeli ya shaba yenye nyuzi na ncha ya kushika mpira, pamoja na gundi ya nyuzi inayovumilia petroli. Usiikaze kwa hasira (najisemea mwenyewe), mfuniko ni wa kumiminwa na hupasuka. Puliza hewa, osha, puliza tena, ndipo urudishe sindano. Wapo wanaokichoma kijibomba cha zamani nukta nukta kwa senta panchi ili kivimbe, halafu wanakigonga tena. Kinashika, ila sikiamini.

Ukiwa hapo, angalia na vinavyokichosha. Filta ya plastiki iliyoning'inizwa kati ya pampu na kabureta ni kosa la kila siku: inaongeza uzito kwenye kijibomba na inatikisika nayo. Iondoe kwenye chumba cha injini, iweke upande wa tanki. Mpira uwe wa petroli kwelikweli, wenye kuvumilia ethanoli, tundu lake liwe dogo kidogo kuliko bomba unalovishwa, na klempu kila ncha. Ule wa zamani wenye kitambaa nje hupasuka ndani ya kitambaa, usione kitu mpaka unuse. Halafu fimbo ya pampu. Injini yenye dainamo hutumia ya mm 108, yenye altaneta mm 100. Ukiweka ndefu kwenye pampu ya fupi, pampu inasukuma kupita kiasi na unaweza kuivunja.

Nimefunga kila kitu. Injini ilipowaka, nusura nifute yote niliyoandika. Ilipopata joto na choki, kile kilango cha kuwashia injini ya baridi, kufunguka yote, niliirudisha ile skrubu ndogo ya mchanganyiko ndani mpaka ikagusa, nikaitoa mizunguko miwili na nusu, kisha skrubu kubwa ya hewa nikaiweka kwenye mizunguko 850 kwa dakika. Ikasimama pale 850, haipandi, haishuki. Skrubu ya mkono wa throto hata sikuigusa, na asiyejua asiiguse kamwe kutafutia sailensa. Ukiifungua sana inaharibu mpango wa matundu madogo ya ndani na distribyuta inavutwa na mvuto wa hewa wa injini wakati haitakiwi. Wao walikuwa wameshaiweka sawa: inagusa ngazi ya chini ya kamu ya choki, halafu robo mzunguko. Wangapi wanajua hilo siku hizi? Kobe ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, Julai 2003, ikiwa ya 21,529,464, na kila mwaka wanaoijua kabureta yake wanapungua. Kwa sauti ile ya injini, kama cherehani iliyotiwa mafuta, ningewapa nyota nne na kunyamaza.

Lakini wakati wa kufunika filta ya hewa nimeona kitu ambacho sikukiona mwanzo. Ubavuni mwa mfuniko, karibu kabisa na tundu la kijibomba, wamebandika kistika cha kijani: IMEKAGULIWA. Na sahihi.

Nyota mbili. Bushi zao ni bora kuliko zote nilizowahi kushika, na shafti ikilika tena nitarudi kwao. Kiwiliwili cha kabureta nitawapelekea. Mfuniko utabaki kwangu.