Upanga wa Babu kutoka Bama: uzoefu wangu na tathmini ya kulipia kwa picha

Babu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alikuwa Bama (Myanmar ya leo) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita Bonde la Kabaw kwenye matope na mvua za monsuni. Aliporudi Tanga alikuja na upanga wa Kijapani, na miaka yote hiyo ulikaa juu ya kabati la bibi, umezungushiwa kaniki. Mama alitaka tujue ni kitu gani hasa kabla ya kugawana vitu vya marehemu.

Kwanza nilikosea mlango. Nilituma picha kwa mthamini wa vitu vya kale vya kila aina, naye akajibu ndani ya saa moja: upanga wa kiwandani, kwa kuwa ala na mpini ni vya jeshi. Akaongeza kwamba kile chuma kinachoingia ndani ya mpini nikisugue kwa msasa, jina litaonekana. Nashukuru Mungu sikumsikiliza.

Huduma ya pili ni ya mtu anayeshughulika na panga za Kijapani peke yake. Nililipa pauni 45. Kabla ya yote alinitumia maelekezo: usiguse chuma kwa vidole, usisafishe chochote, piga picha mchana karibu na dirisha, pima kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi kwenye pengo la mgongoni, usifuate mpindo. Na mpini lazima uvuliwe.

Tulifanya kazi hiyo sebuleni, mimi na mjomba. Kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini tulikisukuma kwa kijiti cha mshikaki, kikatoka kizima. Chini ya uzi uliosukwa juu ya mpini kulikuwa na ngozi nyeupe yenye punjepunje, na mjomba, ambaye amevua maisha yake yote, akasema hapohapo: "Hii ni ngozi ya taa." Ndivyo ilivyo, Wajapani hufunika mpini kwa ngozi ya samaki huyo. Mpini ulipotoka tukaona kutu nyeusi, laini, kama buni zilizokaangwa hadi zikaanza kuungua. Hapakuwa na maandishi. Palikuwa na matundu mawili.

Ripoti ilikuja baada ya siku 19, kurasa nne, na hapa ndipo nilipoona thamani ya pesa yangu. Chuma kile cha ndani huitwa nakago, na kutu yake ndiyo ushahidi mkuu wa umri. Ukiisugua umefuta umri wa upanga, na hakuna fundi wa kuurudisha. Panga za vita zilizotengenezwa haraka mara nyingi zina muhuri mdogo hapo na kutu changa. Wetu hauna. Matundu mawili, pamoja na umbo la mwisho wa nakago, vilimwonyesha kuwa upanga ulikatwa kutoka chini na kufupishwa ili umfae mwenye nao wa baadaye. Sasa una sentimita 64, na kwa kipimo cha Kijapani chochote kuanzia 60.6 ni katana.

Kisha akanionyesha kwenye picha zangu mwenyewe ule mstari mweupe unaofuata makali, hamon. Mhunzi hupaka udongo, mwembamba kwenye makali na mnene mgongoni, halafu anachovya chuma cha moto majini. Wetu una vilele vilivyochongoka, tabia ya wahunzi wa Mino, jimbo la zamani la Japani, na yeye anauweka kwenye karne ya 16. Maofisa wengi wa Kijapani walichukua upanga wa ukoo wakauvisha mavazi ya jeshi, yaani ala na mpini, na mthamini wa kwanza alitazama mavazi tu.

Bei aliyotaja ni kati ya pauni 1,200 na 1,800 kwa hali ulivyo. Pengo hilo ni kubwa mno kwa mtu aliyelipia tathmini, nami nilimwambia. Alikubali kuwa picha hazionyeshi nyufa ndogo, na kwamba hati yenye uzito hutolewa Tokyo na NBTHK, chama cha kuhifadhi panga kilichoanzishwa mwaka 1948, na wao lazima waushike upanga wenyewe. Ripoti pia imejaa maneno ya Kijapani bila ufafanuzi. Nilimwandikia mara tatu kuuliza maana, akajibu zote bila kunidai zaidi.

Jambo moja lilimfurahisha sana mama. Tulikuwa tunapaka upanga mafuta ya nazi, mthamini akatukataza, kwa sababu yanaganda na kunata. Wajapani hutumia mafuta yaitwayo choji, na choji ni karafuu! Kwa sasa tunapaka mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa safi.

Hatuuzi. Kichwani mwa mpini kuna alama ndogo ya fedha, nembo ya ukoo, na mama aliniomba niulize kama wenyewe wanaweza kupatikana. Jibu lilikuwa kwamba nembo hiyo wanayo koo nyingi. Mama hakuridhika. Juzi amenifanya nipige picha ya nembo peke yake, kwa karibu, akaiweka ndani ya bahasha pamoja na picha ya babu akiwa na sare za Keya.